Simu Kumi na Moja kwa Mama Kaimenyi

Kule bondeni chini ya Kibirichia, mahali viazi hustawi na simu hufa, aliyetaka kupatikana ilibidi simu yake ishinde kwa Mama Kaimenyi. Boma lake lilikuwa juu kabisa penye upepo, na nguzo ya baraza yake ndiyo iliyonasa netiwaki, kwingine hapana mpaka ufike barabara kuu. Zamani mtu mmoja alipigilia msumari pale akatundika simu. Mwingine akaongeza wake. Sasa misumari ilikuwa kumi na moja. Asubuhi watu wakienda shambani walipitia pale kutundika, kila simu na uzi wake wa rangi, na jioni walipanda tena kuuliza, "Mama, yangu ilisema nini leo?"

Simu zikilia, Mama Kaimenyi ndiye aliyezishika zote. Alijua binti wa nani ana mchumba Meru mjini, na simu ya nani ilitafutwa na polisi. Hakuitisha malipo, lakini hakuna aliyepanda mikono mitupu. Huyu alikuja na sukari, yule na mzigo wa kuni, na mama akienda kanisani, benchi la mbele lilimngoja.

Kagwiria alikuwa ameolewa na kitinda mimba wake, Mutwiri, aliyefanya kazi kwenye shamba la maua Timau na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwao Kagwiria ni Laare, kwa wakulima wa miraa, na jambo hilo mama mkwe hakulisahau hata siku moja. Ugali ukiwa na madonge, ni Laare. Mtoto akilia kanisani, ni Laare. Kagwiria alinyamaza. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Alikuwa ameona, kwa mfano, kwamba mama mkwe akisema kweli alikuangalia usoni, na akisema uongo alipangusa kitu kwa pindo la leso.

Mtoto wake, Kendi, hakuwa amefika miaka minne, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia utando mweupe. Daktari wa macho mjini alilimulika akasema litapasuliwa, na upesi. Jicho hujifunza kuona mtu akiwa mdogo, alieleza. Likikaa gizani muda mrefu, hata utando ukitolewa halitajua kazi yake. Madaktari wa upasuaji walikuja kila baada ya miezi mitatu. Hospitali ingepiga simu siku moja kabla, na asiyepatikana nafasi yake ingepewa mtoto mwingine.

Mama Kaimenyi aliposikia habari ya kisu alisema hakitaingia kwenye jicho la mtu wa nyumba yake. Kaka yake aliwahi kuingia hospitali na macho mawili mabovu, akatoka hana hata moja. Kagwiria alimwelewa, tena akamhurumia. Lakini aliitundika simu yake, yenye uzi wa buluu, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine. Kila jioni aliuliza. Kila jioni mama mkwe alimwambia hakuna aliyepiga, na alikuwa akipangusa kioo cha simu kwa leso.

Wiki ya nne alimbeba Kendi mgongoni akaenda kuuliza mwenyewe. Muuguzi alifungua daftari akafuata mstari kwa kidole. Walikuwa wamepiga. Nyanya ya mtoto alishika, akasema mtoto amepelekwa Laare kwa wazazi wa mama yake na hatarudi karibuni. Nafasi ilikuwa imepewa mtoto mwingine. Sasa ni kungoja miezi mitatu, muuguzi alisema, kisha akamwangalia Kendi na kuongeza kwa sauti ya chini kwamba safari hii wasikose.

Kagwiria hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia sokoni kwa Munene, fundi aliyekuwa akivuta waya za intaneti juu ya nguzo za stima mpaka madukani na nyumba za walimu. Alimuuliza kama waya wake ungeweza kuleta netiwaki bondeni. Munene alisema hauleti netiwaki, unaleta intaneti, lakini simu nyingine zikipata waifai ya nyumbani hupigia humo. Aliichukua simu ya Kagwiria, akapekua mahali pa mipangilio, akapata kitufe kimoja akakiwasha. Simu yake ilikuwa nacho.

"Na anayenipigia? Ni lazima naye awe na intaneti?"

"Hapana, Mama Kendi. Apige namba yako tu kama kawaida, hata akiwa na ile simu ndogo ya tochi. Yako italia jikoni. Ila stima ikipotea, nayo imepotea."

Alimuuza kondoo jike aliyepewa na mama yake siku ya harusi, na wiki hiyo hiyo Munene alipanda nguzo. Nguzo zenyewe zilishukia bondeni kupitia boma la Mama Kaimenyi. Mama alidhani ni watu wa stima. Akampa fundi chai.

Alijua ukweli Kagwiria alipopanda jioni hiyo, wanawake wakiwa wamejaa barazani, akatoa simu yenye uzi wa buluu na kuitia mfukoni.

"Naichukua yangu, mama. Sasa inalia nyumbani."

"Msumari wangu umekukosea nini?"

"Haujanikosea."

"Basi ni mimi nimekukosea." Aliwageukia wanawake. "Mnaona? Mtu analetwa hapa hajui hata kupanda kiazi, ananing'iniza simu miaka mitano bure, leo amepata siri."

Walicheka. Kagwiria aliteremka na kicheko kikimfuata mgongoni.

Tangu siku hiyo njia ilikuwa na miiba. Wanawake wa zamu ya kuvuna, ambao leo huchimbia huyu na kesho yule, waliifikia zamu yake wakairuka. Alichimba viazi vyake peke yake, Kendi akiwa ameketi mwisho wa mtaro akitenga vidogo kwa kuvigusa, maana jicho moja humdanganya mtu umbali. Kanisani alisalimiwa kwa ncha za vidole. Kaimenyi, shemeji yake, alipita na ng'ombe katikati ya mimea yake akasema hakuiona.

Mara ya kwanza namba yake kulia ndani ya nyumba ile, aliikimbilia. Alikuwa Mutwiri.

"Rudisha simu kwa mama," alisema. "Amelia. Anasema umemfanya mchawi mbele ya watu."

Kagwiria alimwambia habari ya daftari la hospitali, neno kwa neno, na tarehe.

"Pengine alisahau."

"Alisahau Kendi yuko wapi? Siku hiyo alikuwa kwake, anakula viazi vyake."

"Ni mama yangu, Kagwiria."

"Na Kendi ni nani wako?"

Mutwiri alikata. Lakini hakumwambia tena airudishe.

Miezi mitatu ikaisha. Muuguzi alimpigia kumjulisha kwamba madaktari watafika wiki inayofuata, na kwamba siku ya kuleta mtoto angeambiwa Jumatatu au Jumanne. Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani, Kaimenyi alipanda mti wa mukima wa mama yake na panga. Tawi nene lilianguka juu ya waya. Kagwiria aliliona akiwa mlangoni pake, na alipogeuka, kile kisanduku cha intaneti alichofungiwa na Munene kilikuwa kimewasha taa nyekundu.

Jumatatu asubuhi Munene alikuja na ngazi begani. Pale palipokatika ni ndani ya boma la mama, na mama alikuwa amesimama kwenye lango lake lililofungwa kwa mnyororo, akiwafungulia wenye kuleta simu mmoja mmoja kama karani. Kagwiria alimbeba Kendi akaja nyuma ya fundi. Alikuwa ameshaamua kwamba lango lisipofunguliwa atakwenda kukaa kando ya barabara kuu na mtoto na simu, siku zote mbili.

"Mafundi wa Laare hawaingii hapa," Mama Kaimenyi alisema.

"Mimi ni wa Kibirichia, nyanya," Munene alisema. "Na chai yako niliinywa."

"Basi itapike. Mti ni wangu, na hewa iliyo juu ya boma langu ni yangu. Huo waya uzungukie kwao."

Wanawake sita au saba walikuwa kwenye foleni, simu mikononi. Baadhi walitabasamu. Kagwiria alimteremsha Kendi chini. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto ili uwe na mahali pa kukaa.

"Mama, hospitali inapiga leo au kesho. Walipiga ile mara ya kwanza, simu ikiwa kwenye msumari wako. Ulishika. Ukawaambia Kendi yuko Laare."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa kwenye daftari lao."

Mama Kaimenyi hakuwa na simu mkononi. Alishika kufuli la lango akaanza kulipangusa kwa pindo la leso, taratibu, pande zote mbili.

"Nilikuwa nalinda jicho la mtoto wangu," alisema. "Nyinyi hamkumwona kaka yangu akipapasa ukuta."

Hakuna aliyecheka safari hii. Lenah, jirani mnyamavu ambaye mwanawe alikuwa amemnunulia simu nzuri akiwa Isiolo, alikuwa ndani ya lango, ameshatundika yake. Alisogea mbele.

"Na yangu, Mama Kaimenyi? Ule mwezi dada yangu alikuwa mgonjwa, wakasema walinipigia siku tatu. Wewe uliniambia simu haikulia."

"Usinifanyie korti kwangu, Lenah."

Lenah alirudi hadi kwenye nguzo, akatoa simu aliyokuwa ametundika dakika chache tu zilizopita, akaja nayo langoni. Wengine kwenye foleni walizitazama simu zao. Mmoja aliirudisha yake kifuani, na mwingine, na foleni ikawa watu wamesimama tu. Mama Kaimenyi alimfungulia Lenah, akaachilia kufuli. Aliingia nyumbani kwake akafunga mlango, lango likabaki wazi, na Munene akapita na ngazi yake.

Simu ililia Jumanne mchana, Kagwiria akisugua sufuria kwa jivu. Aliishika na mikono myeusi.

"Mama Kendi? Safari hii mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa. Ananivuta sketi."

"Mlete kesho asubuhi na mapema. Asile kitu."

Kesho yake alipita mbele ya boma la juu na mtoto mgongoni. Alimsalimia mama mkwe aliyekuwa akifagia uwanja, na fagio halikusimama. Mutwiri aliwangoja hospitalini. Kendi alipoingizwa ndani, yeye alibaki ameshika viatu vyake vidogo, kimoja kila mkono, mpaka walipoitwa.

Mwezi ulipita. Daktari alimpa Kendi miwani iliyofungwa kwa ukanda wa mpira, akaagiza kwamba kila siku kwa saa kadhaa lile jicho zima lizibwe, ili lililopasuliwa lilazimike kufanya kazi. Zamu ya kuvuna bado ilimruka Kagwiria. Hata hivyo jioni watu walikuja kukaa kando ya ua wake kwa ajili ya waifai, simu mikononi, wakanong'ona humo habari zao, wakaondoka bila kusema asante sana. Waliobaki kwa Mama Kaimenyi ni wale wenye simu za tochi, zisizo na kile kitufe.

Siku moja Kagwiria alipanda kupeleka viazi, maana desturi ni desturi. Mama mkwe alikuwa barazani. Alivipokea, lakini hakumkaribisha kiti. Kendi, jicho zima likiwa limezibwa, alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye ile nguzo, akainua kidole hewani.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne. Nyanya, simu ziko nne."

Mama Kaimenyi aliviweka viazi chini.

"Zilikuwa kumi na moja," alisema. "Muulize mama yako zilienda wapi."

Kendi aligeuka kumuuliza, lakini Kagwiria alikuwa akiangalia nguzo. Naye alizihesabu. Zilikuwa nne kweli, pamoja na ile nyeusi iliyoning'inia nyuma, kivulini.