Kitabu Kilichokuwa Kwenye Tepu

Wezi waliovunja nyumba ya jirani yangu kule Witeithie walibeba kompyuta, kioo chake, kibodi na hata kitambaa cha kuifunika. Waliacha kisanduku kimoja kidogo, nadhani kwa sababu kilifanana na redio isiyo na spika. Kilikuwa mashine ya tepu, ambayo mumewe aliitumia kuweka nakala za kazi zake. Mumewe, mwalimu wa kemia waliyetoka naye magharibi mwa nchi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi aliandika kitabu kila jioni, na hakutaka mtu akisome kabla hakijaisha.

Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Thika. Mama huyo alinijia Jumamosi moja na mashine ndani ya kiondo, akaniomba nimtolee kitabu cha mzee. Mwenye chuo hakutaka kitu kigeni kiunganishwe na kompyuta zake, kwa hivyo tulienda Ruiru kwa rafiki yangu, fundi aliyekuwa na laptop.

Fundi alikuta waya wa mashine unaingia pale pale printa huingia. Alifurahi sana. Furaha hiyo iliisha laptop iliposema haioni mashine yoyote. Alituambia tunahitaji programu ile ile iliyoandika tepu. Mama akakumbuka disketi fulani zilizokaa nyumbani kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vifungo vya mashati. Tulizifuata Witeithie, tukarudi, tukaweka programu, na laptop bado haikuona kitu. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akabadilisha tundu la printa liweze kupokea habari na si kutuma tu, kisha akaiwasha laptop upya. Sasa tepu ilianza kuzunguka, ikilia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Hapo stima ikapotea. Laptop iliendelea kuwaka kwa betri yake bila wasiwasi wowote. Mashine ya tepu, ambayo haikuwa na betri, ilinyamaza. Mama akatumiminia chai kutoka kwa thamosi. Fundi alisema kwamba angalau tulikuwa mbele kuliko asubuhi.

Stima iliporudi tulianza upya, na alasiri kitabu kikatoka. Nilitarajia kemia. Ilikuwa hadithi ya mapenzi kati ya mwalimu na msichana mchuma kahawa. Mama alivaa miwani, akasoma kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huyu mwanamke si mimi," alisema.

Fundi akaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Hapa anamngoja mwanamume kwenye mvua. Mimi sijawahi kumngoja mtu kwenye mvua. Yeye ndiye alikuwa akiningoja."

Nilimwambia pengine waandishi hubadilisha mambo. Alikubali kwamba hilo lilikuwa limebadilishwa. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa leso, ingawa haikuwa na vumbi, na akaendelea kusoma.

Fundi alikinakili kitabu kwenye disketi, nami nikampigia chapa chuoni. Wiki iliyofuata alirudi kunieleza kwamba kitabu kinakatika kwenye sura ya harusi, katikati ya sentensi, bwana harusi akiwa anatafuta kiatu.

"Nifundishe kuandika, mwalimu," alisema. "Hawezi kuachwa hivyo."

Alikuja kila Jumamosi, akaketi dirishani kati ya vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya ukarani, akipiga kwa vidole viwili. Bwana harusi alipata kiatu. Wakahamia Kalimoni, wakafuga kuku, wakagombana kuhusu kuku hao kwa sura nzima, ambayo naamini ndiyo bora zaidi kitabuni. Nilingoja afike kwenye kifo cha mwalimu. Hakufika. Siku alipomaliza, wawili hao walikuwa bado wanabishana kama banda lijengewe ukuta wa mawe au wa mabati.

Tulimpelekea fundi nakala. Alisema angemsomea mkewe kwao Mugutha, halafu akauliza ni nani aliyeshinda kwenye ule ubishi.

"Bado wanaendelea," mama alimjibu.