Maneno ya Kumponya Mado

Siku moja ya mvua, mwanangu, bado naiona, tulikaa sebuleni kwetu, mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Ulikuwa wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre, baba yuko zamu kwenye kiwanda cha shaba. Yaya Pascal, yaani kaka Pascal, binamu yangu mkubwa aliyesoma chuo kikuu cha Kasapa, alikuwa ametuletea mchezo wa mezani. Yeye alisimulia safari, sisi tukawa watu wa ndani yake, na kete zikaamua. Mimi nilikuwa na maneno ya uchawi, lakini mbele ya bibi hatukuthubutu kusema mchawi. Tulisema fundi.

Mchezoni fundi haanzi na maneno yote. Akikomaa safarini hupata mapya, na mengine hupewa na fundi aliyemtangulia.

Mdogo wangu Mado alikuwa mpiga upinde. Alikuwa ametoka hospitali juzijuzi, mwembamba sana, na mchezo ule ndio uliomrudishia kicheko. Basi nyoka wa mchezoni akamuuma. Mimi nilijua maneno ya moto na ya mwanga; ya sumu sikuwa nayo. Mado akaacha kucheka, akauliza polepole, "Nikikufa kule, na huku nitakufa?"

Yaya Pascal akasema mlimani anakaa fundi mzee. Nikaingia kwake mbio, nikidai maneno ya sumu. Pascal akamfanya mzee kama karani wa ofisi, anayekuita mwananchi kwa Kifaransa: "Citoyen, rudia kesho." Nikatangaza kwamba nachomoa kisu.

Kambo, ndivyo tulivyomwita yule bibi yetu mzaa mama, alikuwa kando akichambua sombe, majani ya muhogo. Akaweka beseni chini, akamwambia Pascal asogee. Yule mzee sasa ni yeye.

"Weye, unaingia kwa bantu bila hodi. Uko mutoto wa nani?"

Nikataja baba, nikataja mama. Akanituma maji ya kunywa, maji kweli, nikamletea kwa mikono miwili. Akanywa bila haraka. Kisha akauliza nani anaumwa. Nikamtaja Mado.

"Ungeanzia pale," akasema. "Ningekatala?"

Akaninong'oneza maneno ya Kiluba aliyotuimbia tulipokuwa na homa. Pascal akanyoosha mkono kwenye kete, tuone kama nimeyashika. Kambo akazifunika kwa kiganja. "Hapa hakuna bahati. Ameomba, nimemupa." Sharti lake lilikuwa moja: nimfundishe Mado kabla hatujala. Nikamfundisha, naye akayarudia huku akitabasamu, na sumu ya mchezoni ikaisha.

Nimezunguka sana tangu hapo, hadi Kasumbalesa mpakani na ng'ambo yake, sijui kutulia. Kila kazi ninayoijua nilipewa na mtu. Kwa hiyo, mwanangu, usimwendee mwenye maarifa ukidai. Bisha hodi, sema wewe ni wa nani, mchotee maji, kisha mtaje anayeumwa. Ukipewa, mpe na mwingine siku hiyohiyo.

Mungu akutangulie njiani, na kwenye kila mlango utakaobisha hodi, akuwekee mtu ndani.