Verediana na Mlango wa Stoo

Siku hizi Verediana akiitwa kufunga waifai hagusi waya kabla hajauliza maswali yake. Anauliza nani wanalala humu ndani. Halafu anauliza nani wanakaa ukutani, na wanakaa lini. Wenye nyumba wanashangaa, wengine wanaona kama wanachunguzwa, lakini yeye anasubiri tu, amekumbatia mfuko wake wa salfeti uliojaa waya. Jibu lisipokuja hapandi ngazi. Hilo swali la ukutani lilizaliwa kwetu Ujiji, kwenye harusi ya Nasra, na mimi nilikuwepo.

Yeye ni Muha wa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, akikubali jambo anasema "ego" kama kwao. Alikuja Kigoma akiwa msichana na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuanika dagaa Kibirizi. Baadaye akapata kazi ya usafi kwenye ofisi moja mjini. Mafundi walipokuja kufunga mtandao pale, yeye ndiye aliyewashikia ngazi, na kila waliposhuka aliwauliza kile kisanduku kinafanya nini. Wakamwonyesha kwa utani, wakaona anashika, wakaendelea kumwonyesha bila utani. Mpaka leo anawataja kama walimu wake. Sasa nyumba za wageni za Katubuka zikikosa mtandao, simu ya kwanza inapigwa kwake.

Kwetu aliitwa na Mama Mkubwa, Bi Fatu, ambaye ndiye amenilea. Nyumba yetu iko bondeni kidogo, mtandao wa simu unashika ukienda kusimama barabarani, na Mama Mkubwa alichoka kuongea na mumewe mbele ya wauza ndizi. Mumewe, Baba Abdul, yuko Oman, kwenye ghala la mizigo. Verediana akaja, akafunga kisanduku juu ya paa na ruta sebuleni, akauliza nani wanalala humu ndani. Mama Mkubwa akajibu kuwa ni yeye, binti yake Nasra, na mimi. Verediana akaondoka akijua kazi imekwisha.

Ikaja siku ya posa. Aliyekuwa anamposa Nasra ni Iddi, kijana wa vipe, zile boti zinazovua dagaa kwa taa. Wazee wake wakaketi kwenye mkeka, simu ikaegemezwa kwenye mto, Baba Abdul akatokea amevaa kofia yake nzuri. Akawasalimu, akaanza kusema neno, akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wazee wakakaa wanamtazama kwa adabu kabisa. Mwisho mmoja wao akamnong'oneza mwenzake kwamba mkwe huyu anafikiri sana kabla ya kusema. Sisi wanawake nyuma ya pazia tulibana vicheko, isipokuwa Nasra. Yeye aliingia chumbani.

Shehe alikuwepo, na kabla hajavaa viatu aliweka jambo wazi. Siku ya nikahi, baba mtu atampa uwakala mdogo wake, ambaye sote tunamwita Ami, ili Ami amwozeshe binti kwa niaba yake. Uwakala huo shehe anataka kuusikia kwa masikio yake, na mashahidi wawili wausikie, maneno mazima. Yakikatika hafungishi. Na nikahi isipofungwa siku hiyo ni kusubiri mpaka Iddi atoke tena ziwani.

Usiku Baba Abdul akatuma ujumbe wa sauti. Mama Mkubwa aliusikiliza peke yake, halafu akampa Nasra, halafu ukafika kwangu. Alisema binti yake amezaliwa yeye hayupo, amehitimu yeye hayupo. "Hili moja niachieni niliseme kwa mdomo wangu."

Verediana akaitwa tena, akapata nafasi wiki mbili baadaye. Mama Mkubwa hakumkaribisha hata chai, akamwonyesha ruta kwa kidole kama mtu anayemwonyesha paka aliyekula samaki. Verediana akapima, hakuona kosa. Aliitoa ruta nyuma ya kabati la vyombo, akaitundika ukutani juu, akabadilisha chaneli, akapiga simu Oman. Baba Abdul alionekana mpaka mvi za kidevuni. Siku chache baadaye akarudi kupima tena, ikawa vilevile, safi. Mama Mkubwa akafurahi, na chai ikatoka siku hiyo, na vitumbua juu yake.

Verediana hakula. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akifungua simu yake kuona orodha ya simu zilizounganishwa kwenye ruta. Zilikuwa chache tu.

"Sijafanya kitu cha maana, na imepona," akaniambia. "Hapo ndipo ninapoogopa."

Akaniuliza siku ya posa nani walikuwepo. Nikamtajia wageni wa mkekani. Akasema hao simu zao zilikuwa mifukoni, nje je? Nikamwambia nje hakukuwa na mtu, ni wale vijana wa vipe tu wa kila siku, wanaokaa na simu zao kwenye ukuta wa nje. Akageuka kuutazama ukuta wetu. Ulikuwa mtupu, mbuzi mmoja amelala kivulini.

"Wa kila siku wako wapi leo?"

Nikasema leo ni giza, wamelala, jioni wanaingia ziwani. Wanakaa pale wakati wa mbalamwezi.

"Ego," akasema, na akaanza kucheka peke yake, anajipigapiga goti.

Mtu wa Kigoma haelezwi hili, ila nalisema kwa ajili ya wa mbali. Dagaa anafuata taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haimvuti tena, kwa hiyo vipe vinapandishwa mchangani na wavuvi wote wako nyumbani. Ndio wakati wa kushona nyavu, kutembelea ndugu, na kuoa. Posa iliangukia mbalamwezi. Nikahi pia ilikuwa imepangiwa mbalamwezi, itapangiwa wakati gani mwingine? Verediana alikuwa anapima gizani kitu kinachoharibika kwenye mwanga, yeye ambaye kwa miaka yote ile mbalamwezi ikifika chanja zake za dagaa zilikuwa tupu.

Lililobaki lilikuwa paswedi. Mama Mkubwa alikuwa amempa kila mtu. Aliyeomba maji alipewa maji na paswedi. Verediana akamweleza kwa heshima kwamba ibadilishwe, hata kwa siku hiyo moja.

Mama Mkubwa akaweka kikombe chini. "Niwafungie watu siku ya harusi ya mwanangu? Hao ndio wenzake Iddi. Kesho itasemwa Wamanyema wa Ujiji wamekula mahari, wakaficha waifai."

"Basi Mama, hatutamfungia mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alirudi kesho yake na kisanduku cha pili cha kurushia mtandao. Alianza kwa kuigeuza ruta kifudifudi. Chini yake kulikuwa na karatasi ya kiwandani yenye paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio yenyewe, na haikuwahi kubadilishwa. Alisema yeyote anayejua waifai ya humu angeweza kuingia humo ndani na kujifanya mwenye nyumba. Akaibadilisha, na mpya akaiweka kichwani.

Kisha akaugawa mtandao mara mbili. Jina la zamani, KARIBU KWA BI FATU, akaliacha na paswedi yake ileile, ila akalifanya la wageni na kulipunguzia kasi, kiasi cha mtu kutuma ujumbe na picha, basi. Simu za vijana zilikuwa zimeshalikariri, kwa hiyo hakuna ambaye angeambiwa chochote, wala kujua kuna kilichobadilika. Kisanduku cha pili kilichorusha jina hilo akakifunga barazani, kikiutazama ukuta. La pili likabaki sebuleni kwenye ruta, na paswedi ndefu, na ufunguo wa siri wenye nguvu kuliko zote zilizokuwemo kwenye mipangilio. Akaliita STOO. Nasra akamuuliza kwa nini jina baya hivyo. Verediana akasema umeona wapi mgeni wa harusi anataka kuingia stoo.

Iddi alikuwa amekuja kushika ngazi, akauliza kwa nini visanduku viwili viwekwe mbali hivyo, na kila kimoja na chaneli yake. Verediana akamuuliza ziwani akisogeza taa yake kando ya taa ya mwenzake inakuwaje.

"Tunapigana, Mama."

"Na hivi vinapigana."

Kwenye STOO akaingiza simu mbili tu, yake na ya Ami, ambayo ndiyo ingetumika siku ya nikahi.

Siku ya nikahi mwezi ulikuwa mkubwa kweli. Baada ya alasiri ukuta wetu ulijaa mpaka mbuzi akakosa pa kulala. Wanaume walikuwa sebuleni na barazani kwa kanzu, sisi chumbani nyuma ya pazia, na Verediana kati yetu amejifunga kanga ya Mama Mkubwa. Simu ya Ami ikaegemezwa kwenye mto uleule. Baba Abdul akatokea, safi, tunasikia mpaka anavyomeza mate. Mama Mkubwa akamshika Verediana mkono, akauacha, akaushika tena.

Shehe alikuwa bado anaweka miwani yake sawa wakati Ami alipopata wazo. Akasema ngoja kaka aone watu walivyojaa. Akainua simu, akatoka nayo barazani, akaizungusha kwa watu wote, wale wa ukutani wakampungia Baba Abdul mikono. Akarudi, akaiegemeza.

Baba Abdul akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Ni jina la zamani. Simu ya Ami nayo ilikuwa imelikariri tangu miezi ile. Ilipokaribia kisanduku cha barazani ililishika, na iliporudi ndani haikuliachia. Verediana alilielewa hilo kabla Ami hajaketi. Lakini asingeweza kupenya katikati ya wanaume na shehe kwenda kushika simu ya wakala. Yule mzee wa siku ya posa akasikika akisema mkwe ameanza tena kufikiri. Shehe akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba watasubiri kidogo, na isipowezekana, basi Mungu amepanga siku nyingine. Nasra alikuwa ameketi kitandani na hina yake, ananitazama mimi kama vile mimi ndiye ningejua.

Verediana akatoa simu yake chini ya kanga, akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Niliona orodha ya wageni, ndefu, inashuka na kushuka. Akaipata simu ya Ami katikati yao. Kidole kikasimama juu ya neno la kuzuia. Akamtazama Mama Mkubwa usoni, kwa muda wa kutosha. Halafu akabonyeza.

Simu ya Ami ikafukuzwa kwenye KARIBU KWA BI FATU. Kwenye mto duara likazunguka. Ikajaribu kurudi, ikakataliwa. Ikajaribu tena. Sebule yote ikawa inatazama duara. Ilipoona mlango ule haufunguki ikatafuta mwingine inaoujua, na uliobaki ulikuwa mmoja.

"...mnanisikia? Nasema, mnanisikia?"

Shehe akavaa miwani. "Tunakusikia, Bwana Abdul. Anza mwanzo."

Baba Abdul akajikohoza. "Ndugu yangu, nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Nasra kwa Iddi, kwa mahari waliyokubaliana."

"Nimekubali," Ami akasema.

Shehe akawageukia mashahidi, nao wakaitikia kwamba wamesikia, neno kwa neno. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Iddi alijibu kwa sauti ya mtu anayeita boti ya pili, na vigelegele vikaanza kwetu kabla shehe hajamaliza dua.

Baadaye simu ililetwa chumbani, Baba Abdul akaonyeshwa bibi harusi, akalia, nasi tukamwacha alie. Nje Ami alikuwa anawaeleza watu kwamba simu yake ni imara, ilisumbua kidogo tu, akaitazama kwa ukali ikatulia. Hakuna aliyemwambia.

Mama Mkubwa alimletea Verediana sahani ya pilau mwenyewe, nyama juu. Akakaa kando yake.

"Ulisema hutamfungia mtu hata mmoja."

"Nilimfungia mmoja."

"Nani?"

Verediana akaelekeza kidevu kwa Ami, aliyekuwa sasa anawaonyesha vijana wa ukutani jinsi alivyoitazama simu. Mama Mkubwa alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Akasema huyo ni sawa, huyo hata nyumbani kwake hafunguliwi mlango mara ya kwanza.

Verediana akamfungulia Ami palepale, akalifuta jina lake kwenye orodha ya waliozuiwa, akanawa mikono kula. Akasema STOO ibaki, iwe ya Baba Abdul, apige wakati wowote, giza au mbalamwezi. Kisha akainama kumnong'oneza Mama Mkubwa paswedi.

Mama Mkubwa akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akanielekezea kidevu mimi. "Usiniambie. Mwambie huyu mtoto, yeye haongei. Mimi nitaigawa."