Mbuzi Ambaye Sikumzalisha

Yule mbuzi hakuzalishwa na mimi. Nimelisema, na sasa naomba nikae chini.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisimulia jinsi nilivyomzalisha mbuzi wa mama yetu nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, peke yangu, mama akiwa shambani anachuma pamba. Nilikisimulia kisa hicho kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza, na kazi nikaipata. Niliwasimulia wanafunzi walioogopa mitihani: aliyekwisha kuingiza mkono ndani ya mbuzi haogopi karatasi. Nimekiandika mara mbili. Mara ya pili niliongeza mvua. Mvua haikuwepo. Pamba haichumwi kwenye mvua, na msomaji yeyote wa Simiyu angenikamata hapo hapo, ila wasomaji wangu wengi wako Dar es Salaam.

Aliyemzalisha ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, na kazi aliyonipa ilikuwa kushika pembe. Nikazishika, na nikafumba macho kwa sababu ya damu na kwa sababu ya blauzi yangu nyeupe, ingawa hadi leo siwezi kueleza kufumba macho kungeiokoaje blauzi. Alipomaliza alinawa, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Mama aliporudi jioni, niliyekuwepo kueleza ni mimi. Na kwa kuwa maneno yalikuwa yangu, mkono nao ukawa wangu.

Mara ya mwisho kuukana ukweli ilikuwa kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu. Nilipewa kipaza sauti nitoe nasaha, nikatoa mbuzi. Watu wakacheka vizuri. Baadaye binti mwenyewe akaniinamia sikioni.

"Mama mkubwa, mama anasema ni yeye."

"Mama yako alikuwa mdogo," nikamjibu. "Amesahau."

Mdogo wangu alikuwa meza ya jirani, anakula pilau. Alinitazama kidogo, akaongeza kachumbari.

Mwaka huu, pamba zikiwa zimepasuka, alinipigia simu nikiwa Bariadi, ambako nilihamia nilipochoka na jiji na jiji lilipochoka na mimi. Mama mkwe wake alikuwa amefariki Nassa. Yeye na mumewe walikuwa waondoke kesho yake alfajiri, wakae huko mpaka matanga yaanuliwe. Nyumbani kwake, Lingeka, kijiji tulichokulia, alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja tu. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umepita zizini mwake mwaka uliotangulia, ukamwachia huyo, mtamba ambaye hajawahi kuzaa, na sasa ana mimba na kiwele kimeanza kujaa. Alikuwa wa uzao wa mbuzi wa mama, yule yule wa hadithi yangu.

"Huyu akifa, wa mama wameisha," akasema.

"Majirani je?"

"Wako kwenye pamba."

"Mimi nina makala ya kumaliza."

"Dada," akasema, "wewe si unajua. Ulishamzalisha wa mama."

Niliitafuta kejeli katika sauti ile. Nimefundishwa kutafuta kejeli, nina shahada mbili za kazi hiyo, na sikuipata. Ningeipata ningepumzika. Badala yake nilifunga begi.

Siku nne za kwanza zilipita na madumu. Kisima kiko mbali kuliko nilivyokikumbuka, au utotoni nilikuwa nakitembelea tu huku mwingine akichota. Nilikata majani, nikafagia zizi, nikala michembe ya viazi vikavu na maharage aliyoniachia, nikalala saa mbili kama kuku. Makala sikuigusa. Kila asubuhi mbuzi alinitazama kwa yale macho yao ya kulala upande, kama mtahiniwa anayejua kwamba msimamizi hajui somo.

Siku ya tano alikataa kutoka zizini. Akawa anaparua chini, analala, anainuka, anageuka kutazama mgongo wake mwenyewe kana kwamba kuna mtu amemwita. Saa nne asubuhi chupa ikapasuka. Nikaketi kwenye kivuli cha uzio wa minyaa nikasubiri, maana nilikuwa nimesoma kwamba ukianza kusubiri usiwe na haraka. Saa tano ikapita. Ilipokaribia saa sita, kitu pekee kilichokuwa nje kilikuwa kwato moja ndogo, ya manjano na laini, na juu yake ncha ya pua. Kila alipojikaza, vile viwili vilisogea kidogo, kisha vikarudi.

Nilimpigia mdogo wangu. Hapatikani. Nikapiga tena, nikapata mwanamke yule yule wa kwenye simu akiniambia jambo lile lile. Nikampigia afisa mifugo.

"Niko Bukundi, mama, nachanja ng'ombe," akasema. Nyuma yake ng'ombe walithibitisha. "Nitafika jioni. Ni wewe yule mwandishi? Dada wa mwenye mbuzi?"

"Ndiye."

"Nilisoma ile yako ya mbuzi. Mke wangu pia. Basi huna shida wewe, mvute kama ulivyomvuta yule. Nikimaliza nakuja."

Akakata kabla sijapata sauti. Ningeweza kupiga tena na kumwambia ukweli. Nilikaa na simu mkononi, nikapima, na mwanamke mzima nikaona ni afadhali kuingia zizini kuliko kumwambia mtu wa Bukundi kwamba mimi ni mwongo.

Jirani alinikuta nakata kucha kwa wembe. Ni mzee mwenye mikono mipana kama jembe, na dole gumba lake la kulia lilikuwa limevimba kwa mwiba wa siku nyingi. Wengine wote wa nyumba yake walikuwa shambani. Chini ya kwapa alikuwa na kisu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mwadila, profesa," akanisalimu.

"Mwadila. Mimi si profesa."

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikasema, kwamba ni salama tu, kama inavyopasa, ingawa hapakuwa na chochote kizima.

Akainama akamtazama mbuzi kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa mwenzake. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, ulimi umetoka kidogo.

"Huyu amechoka," akasema. "Mimi nitakaa hapa. Akizidiwa, uniambie mapema. Akifa mwenyewe ni kibudu, hatutamla, na mdogo wako atakosa mbuzi atakosa na nyama."

"Mkono wako hauwezi kuingia?"

Akaninyooshea. Tuliutazama wote wawili.

Nikanawa kwa sabuni ya mche mpaka kwenye kiwiko, nikajipaka mafuta ya alizeti ya kupikia, nikapiga magoti nyuma ya mbuzi. Jirani akashika kichwa. Nikakamata kile kimguu, nikasubiri ajikaze, nikavuta.

Katika maandishi yangu nilikuwa nimeandika: nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ni sentensi nzuri, ina mwendo. Kwa hiyo nilivuta kwa nguvu zangu zote. Mbuzi akalia kilio ambacho sitaki kukifananisha na cha mtu, lakini jirani aligeuza uso. Kwato haikusogea hata upana wa kidole. Nikavuta tena. Pua ilianza kuwa na rangi ya zambarau, na ncha ya ulimi ikachungulia kando ya mdomo, imevimba.

"Unamzalisha au unamng'oa?" akauliza jirani.

"Mtoto amekwama."

"Naona. Nifungue gazeti?"

"Bado."

"Ukisema bado mara nyingi, inakuwa tayari imepita."

Niliacha kuvuta. Jasho lilikuwa linaingia machoni, mgongo unanikumbusha umri wangu bila kuulizwa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa tena na nguvu za kuikumbuka hadithi yangu, na nadhani hilo ndilo lililosaidia, maana hadithi ilipokaa pembeni kilichobaki ni nilichokiona.

Nilisema nilifumba macho. Nilifumba, lakini si wakati wote. Siku ile, mbuzi wa mama alinyamaza ghafla nikadhani amekufa, nikafumbua. Mbele yangu, upande wa pili wa mgongo wa mbuzi, alikuwa mdogo wangu. Gauni lake lilikuwa limechanika begani, limeshikwa kwa pini. Niliitazama ile pini kwa sababu sikutaka kutazama kingine. Na pini ilikuwa inanijia mimi. Bega lake lilikuwa linakuja mbele, polepole, kuelekea kwenye pembe nilizozishika, na uso wake umelala ubavuni mwa mbuzi kama anayesikiliza mlangoni. Anayevuta, bega lake hurudi nyuma. Mdogo wangu hakuwa anavuta. Alikuwa anasukuma.

Nikajipaka mafuta tena. Nikasubiri mbuzi apumzike kati ya uchungu na uchungu, nikaweka vidole kwenye paji la uso la yule mtoto, nikamsukuma arudi alikotoka.

"Sasa unamrudisha?" akasema jirani. "Profesa, jambo hili linakwenda upande mmoja tu."

"Mshike kichwa, mzee."

Ndani kulikuwa na joto na kubana, na kila mbuzi alipojikaza mkono wangu ulibanwa mpaka nikahisi mifupa ikisogeleana. Nilikaa kimya ndani yake mpaka alipolegea. Nikasukuma tena. Mtoto akarudi kidogo, kisha zaidi, na nafasi ikapatikana. Nikafuata shingo kwa vidole, nikashuka kwenye bega, nikakuta goti limekunjwa, na mguu wa pili umerudi nyuma chini ya tumbo kama mtu aliyekalia mguu wake. Nikaufuata mpaka kwato. Nikaifunika kwa kiganja ili isimchane mama yake, nikaunyoosha kuja mbele. Ulikuja kwa kusita, halafu ukaja wote.

Sasa miguu ilikuwa miwili, na pua juu yake. Mbuzi akajikaza, nami nikavuta kuelekea chini, kidogo tu, kama anayetoa shati kwenye kamba. Kichwa kikatoka. Mabega yakachelewa, yakatoka. Mwili wote ukamwagika juu ya mapaja yangu na maji yake.

Hakupumua. Jirani akavunja kijiti cha nyasi kavu akanipa. Nilimfuta pua, nikaingiza nyasi kwenye tundu moja, nikaizungusha. Hakuna. Nikaizungusha kwenye tundu la pili. Akapiga chafya, akatikisa kichwa, masikio yakapiga mashavu yake yenyewe, akalia kwa sauti nyembamba isiyolingana na taabu aliyotuletea.

"Jike," akasema jirani, akimwinua mkia. "Kichwa kikubwa. Ukoo huu wote una vichwa."

Mama yake hakumtaka. Alilala vile vile, anatazama uzio. Nikampaka ute wa mtoto puani, nikamnyunyizia mtoto chumvi kidogo mgongoni, jambo ambalo nililikumbuka bila kujua nalitoa wapi, na sasa najua. Baada ya muda mrefu kuliko nilivyopenda, ulimi ukatoka. Akalamba mara moja kama anayeonja mchuzi wa jirani. Akalamba tena. Saa tisa alisimama, miguu ya nyuma ikitawanyika, na mtoto akaanza kugonga tumbo lake akitafuta chuchu kila mahali isipokuwa ilipo.

Jirani akakirudisha kisu chake kwapani, bado kimo kwenye gazeti.

"Wabeja, mzee," nikamshukuru.

"Sikufanya kitu. Nilishika pembe tu." Akafika kwenye pengo la uzio, akageuka. "Hili utaliandika?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimekaa kwenye samadi, kitenge kimelowa, mikono inanuka mafuta na damu. Nilitaka maji, na maji yalikuwa kisimani.

Simu iliita saa kumi na nusu. Alikuwa ni mdogo wangu. Nyuma yake nilisikia wanawake wa msibani wakisugua masufuria kwa mchanga.

"Dada. Nimekuta umepiga mara mbili. Mhola?"

"Amezaa. Jike. Ananyonya."

"Na yeye mwenyewe?"

"Amesimama. Anakula majani ya viazi."

Akashusha pumzi. Akamwambia mtu wa karibu, kwa Kisukuma, kwamba mbuzi wa mama yupo. Kisha akarudi kwangu.

"Mguu ulikunjika?"

"Mmoja."

"Ulivuta?"

"Kwanza nilivuta."

Masufuria yakaendelea.

"Halafu?"

"Halafu nikasukuma."

"Nani alikwambia usukume?"

Nilikuwa na majibu kadhaa. Nilikuwa na vitabu, nilikuwa na mtandao, nilikuwa na afisa mifugo wa kusingiziwa.

"Wewe," nikasema. "Siku ile ya mbuzi wa mama. Nilikuwa nimeshika pembe, nikaona bega lako linakuja mbele. Ulikuwa na pini."

Nilidhani simu imekatika. Nikaitoa sikioni, nikaitazama, sekunde zilikuwa zinahesabika.

"Kwa hiyo ulifumbua macho," akasema.

"Mara moja."

"Mimi miaka yote nilisema, maskini, hakuona."

Hakusubiri jibu. Akaniambia nimpe mbuzi maji ya uvuguvugu, nisiguse kondo ya nyuma, iachwe itoke yenyewe, na kwamba binti yake, yule wa harusini, amekaa hapo pembeni anauliza ni nani huyo aliyezaa.

"Mpe simu," nikasema. "Nimweleze."