Donge la Sukari Kabla ya Usinge

Mume wangu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, na kwa maoni yake hakuna ugonjwa uliothubutu kumgusa mtu wa mjini Tabora. Kupooza, alisema, ni maradhi ya washamba wanaokunywa maji ya dimbwi. Babu zake walikwenda na misafara hadi Ujiji kwa miguu na hakuna aliyewadondoshea matone ya dawa mdomoni. Ni kweli. Waliofia njiani hawakurudi kusimulia, na waliorudi walizaa wajinga kama yeye.

Enzi za vijiji vya ujamaa, mimi nikiwa mwalimu, nilihamishiwa shule mpya huko Usinge. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Muuguzi wa zahanati alitueleza bila kuzunguka: tunakokwenda kuna watoto waliolemaa, kisima kiko wazi, vyoo bado vinachimbwa. Mtoto asipande treni kabla ya kupata dawa ya polio mara ya pili. Ya kwanza alikuwa ameshapata, matone mawili juu ya donge la sukari, akalitafuna kwa furaha.

Siku ya pili ya dawa iliangukia mkesha wa safari. Mimi nilikuwa nafunga mizigo, kwa hiyo baba mtu akampeleka. Mtoto akalala begani. Muuguzi akamwambia asubiri aamke, lakini bwana mkubwa hakuwa mtu wa kusubirishwa na mwanamke, tena nyumbani ana mgeni. Akamsumbua dada wa watu mpaka akamfungia donge kwenye karatasi.

"Akiamka tu mpe, shemeji. Usiliweke juani wala kwenye kitu cha moto. Moto unaiua dawa hii."

"Kwani mimi mtoto?" akajibu. Alinisimulia mwenyewe, akicheka.

Mgeni alikuwa mjomba wake, mzee wa kuheshimika, aliyekuja kutuaga. Na sukari wiki zile ilikuwa haionekani dukani hata kwa foleni. Kwa watu wa mjini, kumpa mzee kama huyo chai isiyo na sukari ilikuwa aibu ya kusimuliwa mtaa mzima. Tungeweza kumwambia ukweli, naye angeelewa. Lakini sisi watu wa heshima hatusemi ukweli mbele ya mgeni.

"Kikombe kimoja tu," mume wangu alinong'ona. "Mtoto atapewa lingine hukohuko Usinge."

Hukohuko Usinge! Hata bandeji hawakuwa nayo. Donge likaenda kwenye kikombe cha mzee. Akaisifu chai, akatuombea safari njema.

Haukupita muda mrefu kijijini, mtoto akashikwa na homa. Siku ya nne nikamsimamisha, mguu wa kulia ukaning'inia tu. Tulimrudisha Tabora kwa treni, naye analia njia nzima. Daktari akauliza amepata matone mara ngapi. Mume wangu akajibu, sauti kavu, "Mara mbili." Mimi nikaendelea kumbembeleza mtoto. Tangu saa ile nilimdharau mtu yule, na kifo chake hakikubadilisha kitu. Watu wakimuuliza alikuwa anasema wanakijiji wametuloga kwa wivu. Wivu wa nini? Wa cherehani moja?

Binti yangu amekua, anatembea na chuma mguuni, na ulimi wake hauna kilema chochote. Alipokuwa mtu mzima nilimsimulia yote: majivuno ya baba yake, karatasi, mjomba, uongo mbele ya daktari. Nilisema kwa uchungu na kwa raha pia, nisifiche. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "baba alikuwa hajui hata kuwasha jiko. Chai ile alipika nani?"

Nilipika mimi. Karatasi niliifungua kwa mkono wangu, na nilikoroga mpaka donge likayeyuka lote.