Nilifika ukurasa wa 210 kwenye kitabu cha kurasa 196

Admin, nifichie jina. Mtaa sema tu ni Umoja, huku tuko wengi. Nina miaka thelathini na sita, ni fundi wa simu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini nilikuwa nasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama. Ndiyo maana kwenye ploti yetu wananiita Prof, na sijawahi kukataa.

Mwaka huu niliona sote tumekuwa watu wa kutelezesha kidole kwenye skrini, mimi nikiwa wa kwanza. Nikaanzisha grupu: watu wanane, kitabu kimoja cha hadithi, kurasa kumi kwa siku, na kila jioni unaandika nambari ya ukurasa uliofika. Vitabu tulinunua kwa Mutiso, mzee anayetandaza vya mtumba ng'ambo ya kibanda changu.

Nilisoma vizuri hadi ukurasa wa 31. Hapo nikakutana na neno nisilolijua, nikashika simu nilitafute. Nilipoinua kichwa, saa mbili zilikuwa zimepita. Neno sikulipata, lakini nilijua jinsi ya kusafisha sofa ya ngozi. Sina sofa. Jioni nikaandika 40, nikijiambia kesho nitafidia. Kesho yake nikaandika 50. Tangu hapo kitabu sikukifungua. Nilikuwa najumlisha kumi tu, kama mita ya stima.

Wenzangu walinyamaza mmoja mmoja, wakabaki kutuma dole gumba. Aliyeendelea ni jirani yangu wa chini, nitamwita Mama Zuhura, muuza leso wa miaka hamsini na kitu, aliyejifunza kusoma ukubwani kwenye ngumbaru. Anasoma akiweka rula chini ya mstari. Alikuwa akinitumia sauti: "Prof mwanangu, wewe uko themanini, mimi nilale na sabini? Haiwezekani!" Nami namjibu, "Kazana, mama."

Juzi akaja kibandani, kitabu kwapani.

"Mwanangu, changu kimeishia 196. Wewe jana umeandika 210. Nimechezwa!"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikajibu, "Hivi vya mtumba, mama, wakati mwingine kurasa hutoka."

Hakungoja. Alivuka barabara, akamkabili Mutiso mbele ya wateja. "Mzee, unang'oa mwisho wa vitabu?"

Mutiso akafungua nakala mbili zaidi. Zote zinaishia 196. "Mama, mimi nauza venye vimekuja."

"Basi umezing'oa zote! Prof mwenyewe amesoma mpaka 210!"

Watu wakacheka. Mutiso akanitazama kutoka ng'ambo. Mimi nikainamia kutengeneza simu ya mtu ambayo ilikuwa nzima.

Leo asubuhi Mama Zuhura ametangaza kwenye grupu tusinunue tena kwa Mutiso. Kisha akaniandikia mimi peke yangu kwamba kesho asubuhi anakuja kuazima nakala yangu. "Nataka kujua kama yule mama alisamehewa." Sijui ni mama yupi. Sijui hata alikosa nini.

Nakala yangu pia inaishia 196. Nikisema imepotea, ataniamini, na hilo ndilo linaloniumiza. Mutiso atabaki kuitwa mwizi wa kurasa. Nikisema ukweli, mzee wa watu atasafishika, lakini huyu mama husema bila mimi hangemaliza kitabu. Naogopa ataona amekuwa akishindana na hewa, aweke rula chini asisome tena.

Leo nimefunga kibanda mapema nisome chote kabla hajaja, angalau nijue habari za huyo mama. Nimefika 38, kisha nikachukua simu niwaandikie ninyi.

Nishaurini jamani, nifanye nini? Na tafadhali msiandike marefu. Naona aibu kusema, lakini huenda nisimalize.