Firigisi ya Mwenyekiti

Mwezi uliopita nilikwenda Mkata kumwona mama, nikamkuta anamkimbiza jogoo uani. "Mshike wewe uliyesoma," akaniambia akihema. "Kesho wanakuja watu wa ruzuku kuiangalia kaya." Kuku wa namna hiyo, ndugu yangu, nilishamla utotoni, na hajanitoka tumboni mpaka leo.

Nilikuwa darasa la tatu, mwaka wa ukame. Mahindi ya msaada yalitolewa kwa orodha, debe moja kwa kila kaya, na kaya maana yake mume, mke na wote wanaokula chungu kimoja. Sisi tulikula bada, ugali wa makopa ya muhogo, kwa mlenda, mara moja kwa siku. Harufu ya makopa yakitwangwa hunijia hata leo nikiwa kwenye semina, mdomo umejaa sambusa. Baba alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Korogwe, analipwa kwa matita aliyokata. Mwezi wa kazi alirudi na sukari. Miezi mitatu iliyofuata alirudi na kikohozi. "Pesa ya baba yenu ni mvua ya Handeni," mama alituambia. "Usiipandie mbegu."

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na wajumbe wawili kuhakiki orodha. Kwa bahati mbaya ilikuwa wiki ambayo baba amelipwa. Kwa bahati mbaya zaidi, mama alilelewa vizuri: kwao mgeni mkubwa hapewi bada. Akanunua mchele, akachinja tetea wetu wa pekee, na firigisi, ambayo nyumbani ilikuwa ya baba, akamwekea mwenyekiti. Mimi nilipata shingo, nikaiona serikali kitu kizuri sana.

Mwenyekiti alikula bila haraka, akajichokoa meno kwa njiti ya ufagio wetu. Kisha akamgeukia baba. "Bwana, mbona unajiweza? Unakula vizuri kuliko mimi."

"Ni mwezi huu tu, mwenyekiti."

"Na mwezi huu ndio niliokuja."

Akalikata jina letu, vidole vyake bado vina mafuta ya kuku wetu.

Mwezi uliofuata kazi ya mkonge ilisimama. Baba akaenda kulalamika, akaambiwa asubiri uhakiki mwingine. Jirani yetu akamshauri mama aseme ameachwa, kwa kuwa mwanamke asiye na mume angeandikwa upya.

"Nimuue mume wangu kwa debe la mahindi?"

"Humuui, shoga. Unamficha tu."

Mama alikataa. Dada yangu akatolewa shule, akapelekwa Korogwe kulea mtoto wa watu, na darasani hakurudi tena. Mwenyekiti nilimchukia tangu siku hiyo. Alipokufa nilihudhuria mazishi, nakiri, kwa ajili ya pilau.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilimwachia jogoo akimbie, mama akaninunia. Kesho yake akaja binti mmoja wa ruzuku na kishikwambi. Akaamkia vizuri, "Shikamoo, bibi," akakataa hata maji, akauliza kama kuna mtoto anayemtumia pesa.

Uso wa mama ukang'aa. "Ananitumia! Mwezi wa pili alinitumia ya kuezeka nyumba nzima!"

Kweli nilituma. Nilikuwa nimelipwa kumwandikia tajiri mmoja hotuba ya harusi. Kabla ya hapo nilikuwa natuma salamu, na baada ya hapo nimeendelea na salamu.

"Ilikuwa mwezi ule tu, dada," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba.

Binti akabonyeza kioo mara mbili, akaaga. Jina la mama likaondoka bila hata doa la mafuta. Mwenyekiti wetu alikuwa fisi, lakini alikaa kwenye mkeka wetu, akatuonyesha sura ya kuchukia. Kishikwambi utakichukiaje? Nilitafuta ua mzima mtu wa kumchukia, nikampata mmoja tu.

Jioni mama alimkamata jogoo mwenyewe. Baba hayupo tena. Alipopakua, firigisi akaniwekea mimi.